Usiku Mmoja Muhumba

Dola mia na themanini, kwa usiku mmoja tu.
Tulizihesabu kitandani mara tatu.
Msimamizi akarudisha noti mbili: "Hizi zimechanika pembeni."
Namwezi akageuka ukutani, akafungua fundo kiunoni,
akatoa nyingine,
pesa za likirimba, zamu yake ya mwezi wa nane.

Basi tukaingia, watu tisa,
na beseni la sombe, na gunia la makala,
kana kwamba nyumba yenye mabafu matatu
itakosa jiko.
Mama hakukalia kochi jeupe
mpaka alipotandika kitenge.
Bisimwa akafungua bomba, akafunga, akafungua:
"Ya moto! Yanatoka yenyewe!"
Hakuna aliyemkataza.

Usiku tukasimama barazani, ziwa chini yetu,
tukitafuta Kadutu kule mlimani.
Umeme ulikuwa umekatika. Mlima mzima giza.
Miaka yote, kutoka mlango wetu wa bati,
tumetazama taa za huku
tukiulizana nani analala mle.

"Leo ni sisi," akasema Mama,
kisha akaenda kuosha vyombo,
asubuhi tusije tukasemwa.