Vichupa Viwili

Saa tisa usiku, Nansio.
Jenereta limekohoa mara mbili, likanyamaza,
na wodi ya wazazi imebaki na tochi ya simu
niliyoibana kati ya shavu na bega.

Kitanda cha nne ni mama wa Ilugwa.
Alivuka kwa boti ya injini, presha juu.
Mtoto amelia vizuri, ila damu,
damu haisikii la mtu.

Nikafungua trei. Vichupa viwili vya kioo,
kimo kimoja, unene mmoja.
Hiki hukaza mji wa mimba, presha hakiigusi.
Kile hukaza pia, lakini kwa mwenye presha
ni kumsukuma aliyesimama ukingoni.
Mkono wangu una miaka kumi na saba kazini.
Mkono ulijua. Mkono ulivunja shingo ya kichupa.

"Sista," akasema Holo, beseni mkononi,
"hujasoma."

Jumanne ile, chini ya bati linalochoma,
mkufunzi alipotaka wafagiaji nao waketi darasani,
nani hakucheka? Mimi nilicheka.
Daktari Magesa akasema kila ndege huruka na ubawa wake.
Mkufunzi hakubishana. Aliandika ubaoni:
anayechoma sindano hutamka jina la dawa,
na sikio la pili, liwe la nani, hulisikia.
Holo alinakili nyuma ya kalenda ya duka la mbegu.

Nikageuza kichupa kwenye mwanga.
Nikasoma.
Nikasoma tena,
kisha nikakiweka chini polepole, kama yai lenye ufa.
Cha pili nikakitamka silabi kwa silabi:
ok-si-to-si-ni.
"Nimesikia," akasema Holo.

Alfajiri damu imetulia, mama anadai uji.
Ulijuaje, nikamuuliza.
"Mimi dawa sizijui, Sista.
Nilijua tu sijasikia jina."

Daftari la makosa yaliyonusurika lina kurasa mia,
zote nyeupe, kana kwamba hapa hatujawahi kuteleza.
Nikaandika saa, kitanda, vichupa, tochi.
Jina langu nikaliandika lote, kalamu ikigoma.
Penye "aliyezuia" nikaandika mhudumu,
nikakata,
nikamwita kutoka kwenye deki lake:
Holo nani?

"Ng'wandu," akasema, akikamua tambara.
"Usisahau kile kikoma cha juu.
Huwa mnakisahau."