Asilimia Tisini na Nne

Programu ya mkutano, Tampere, siku ya pili,
ilimnong'oneza Pirkko: huyu ndiye wako,
mnalingana asilimia tisini na nne.
Yeye anauza vifuniko. Aurelijus wa Kaunas
anatengeneza chupa za jamu.

Wametumiana salamu, dole gumba,
ramani ya ukumbi yenye kitone cha buluu.
Uko wapi? Karibu na kahawa.
Kahawa iko sehemu saba,
na kote shingo zimeinama kama za wanywa supu.

Saa nane simu ya Pirkko ikazima.
Nilikuwa nakusanya vikombe, nikamwona
akimgusa bega jirani wa foleni:
samahani, una chaja?

Jamaa, beji imegeuka kichalichali,
akampa bila kubandua macho kiooni,
kidole kikimwandikia Pirkko:
mbona kimya?