Mwenyeji Apone Kwanza

Nimebeba magugu ndani ya koti, kifuani,
nimeyafunga kwa gazeti bichi na mfuko wa plastiki,
maana nje ni nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri
na jani la majini likiguswa na hewa ya Oulu mwezi wa Januari
linakuwa kigae kabla hujafika kituoni.
Kwenye basi mama mmoja ananitazama nilivyojikumbatia.
Sisemi kitu. Ningesema nini?
Kwamba nina kangaga kwapani?

Bi Onerva wa ng'ambo ya mto ndiye aliyenikatia
kwa mkasi wa kushonea, mikono imezama hadi kiwiko
katika tangi lake la miaka kumi na tisa:
utepe wenye mizizi, kangaga vipande vitatu,
na kifundo cha kijani ambacho jina lake amelisahau.
"Bei gani?"
"Yakikuzidia, mpe mwingine."

Tangi langu ni la mtumba, lita sitini,
lina mkwaruzo kona ya kushoto.
Changarawe nimeiosha bafuni mara kumi na moja.
Utepe nimeupanda. Kangaga sikulizika,
nimelifunga kwa uzi mweusi juu ya jiwe,
maana ukilifukia shina linaoza:
limezoea kushika, si kushikwa.

Ijumaa Ilmo akaja na begi lake,
kama ajavyo kila baada ya wiki mbili.
Akabandika pua kwenye kioo.
"Samaki wako wapi?"
"Bado."
"Sasa unafuga nini?"
"Nafuga maji."
Akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia
akafungua, akakuta gunia.

Mimi huendesha greda la theluji usiku,
nasukuma weupe kutoka huku kwenda kule.
Alfajiri narudi, nawasha taa juu ya tangi.
Jua la hapa huchungulia saa tano tu likachoka;
taa yangu hukaa saa nane.
Mimea yangu ina mchana mrefu kuliko mji mzima.

Na bado ikaanza kuoza.
Maji yakawa meupe kama uji wa mgonjwa,
majani yakalegea, yakawa kamasi vidoleni.
Nikampigia Bi Onerva usiku, bila haya.
"Usiyang'oe," akasema. "Yamehama maji.
Jani la maji ya kwanza haliyajui maji ya pili.
Kata lililooza, mwache mzizi afikiri."

Mwache mzizi afikiri.
Nilikaa na simu iliyokwisha kukatika.
Bafuni kuna mswaki mdogo wa bluu,
na najua mwenzake yuko nyumba nyingine,
na baina yao kuna begi.

Wiki ya nne Ilmo ndiye aliyemwona:
konokono, kama punje ya ulezi,
aliyepanda basi nami bila tiketi
na sasa anapanda kioo, anakula ukoga.
Akamwita Mkaguzi.
Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone;
humu mwenyeji alitakiwa apone kwanza,
lakini huyu hakuambiwa,
akaja mapema na kazi yake mdomoni.

Leo karatasi ya kupima imetoka njano tupu,
amonia hamna, mimea imeilamba yote.
Utepe umetoa jani lililonyooka hadi juu likajikunja,
na mgongoni mwa kangaga kuna vichanga,
kila kimoja na vijimizizi vyake,
vimening'inia, havijaamua vitue wapi.
Shanga za hewa zinapaa moja moja.

"Sasa samaki?"
"Sasa samaki. Vaa viatu, duka linafungwa."
Akavaa kimoja.
Kisha akapiga magoti mbele ya kioo,
mguu mmoja na buti, mwingine na soksi.
"Ngoja kidogo, baba," akanong'ona,
"Mkaguzi bado anapita."