Figili za Obata Shizue

Naegesha lori. Upepo wanuka ngisi wa kuanikwa.
Ndani, kila mfuko una jina la mkulima,
kama mkoba wa mtoto wa chekechea.
Obata Shizue: figili za chumvi, yeni mia mbili.

Miaka tisa naujua mkono wake
bila kuuona. Huzidisha pilipili
theluji ikianza.

Leo jina ni lile lile,
mwandiko mwingine.
Namuuliza muuzaji. Anapanga mwani, hageuki:
"Mkaza mwanawe huyo. Bado anajifunza."

Nakula ndani ya lori, dirisha wazi,
mawimbi yakipiga zege huko chini.
Bahari yote hii,
na chumvi haijakolea.

Narudi, naongeza mifuko miwili.
Asipopata wa kuyala makosa yake,
atajuaje?