Maji ya Saa Tisa

Fundi Shitsama ameketi juu ya ukuta kama kuku aliyekosa kichanja,
penseli sikioni, ananiuliza mara ya tatu:
"Maji tuyaelekeze wapi?"

Futi mbili na nusu, ndiyo nafasi niliyobaki nayo
kati ya chumba kipya cha mama na ua wa siprasi.
Nilipima kwa kamba, nikapima kwa hatua,
nikapima tena usiku kwa tochi,
kama mwizi wa ardhi yangu mwenyewe.

Njia ya kwanza ni rahisi, asema.
Paa lilalie upande wa ua, mteremko mmoja, bati nane
za geji thelathini, mvua ijijulie pa kwenda.
Nayo itajua. Hapa Khayega mvua haikosi miadi:
saa tisa wingu linatoka msituni na mimba yake,
saa tisa na robo tunasemezana kwa kelele.

Ila ng'ambo ya ua ndipo alipolala Museve.
Tulimzika Aprili. Udongo wake haujashika,
mkewe hajapata pesa za saruji.
Na huyu Museve ndiye aliyening'olea mawe ya mpaka, mara mbili,
ndiye aliyesema mbele ya chifu:
"Maji yako uyanywe mwenyewe."

Ningeweza kumnywesha sasa.
Bati nane, kila siku, saa tisa.
Wazo hilo lilinikaa ulimini kama kipande cha muwa
na sikulitema upesi.

Njia ya pili: tuinue ukuta, gata ijifiche nyuma yake
kama zile ofisi za mjini. Shitsama akuna kichwa.
"Majani ya siprasi yataziba. Maji yatarudi ukutani,
mama yako alale na ukungu kifuani."
Tena ni ghali. Tena sipendi ukuta unaoficha maji.

Ya tatu, kuligeuza paa:
mgongo uinuke kwa jirani, uso uinamie kwangu,
gata ipite juu ya mlango, bomba lishuke hadi kwenye tangi.
Lakini mlango utakuwa mfupi, na mimi ni mrefu.
"Utakuwa ukiingia umeinama," asema.
Nikamwambia apige misumari.

Leo imenyesha. Gata inaguguma, tangi linaitikia,
mama anacheka, eti nimemjengea nyumba yenye kikohozi.
Nimejigonga paji mara mbili.

Lakini pembeni pale, ubao wa fasia ulipopinda,
upepo ukivuma, matone matatu, manne, yanavuka
bila kuuliza hati ya shamba.
Nimechungulia kati ya matawi.
Mama Khasiala ameweka karai la bluu pale chini.
Hakutuma mtoto. Hakuita mtu.
Limefika nusu.
Sijui kama anamkinga mumewe
au anateka tu maji ya kufulia.

Kesho Shitsama atarudi na nyundo.