Tafadhali Usizime

Kioo cha samawati kimekwama kwenye asilimia thelathini na moja
na chini yake, kwa adabu: tafadhali usizime kompyuta yako.
Si mimi, wee mashine. Ni umeme wa Birere,
nao haujui tafadhali.

Kavugho ameileta ndani ya kitenge kama mtoto mwenye homa.
Huchapa tasnifu za wanafunzi, ukurasa franka mia tatu,
karibu na lango la chuo, chini ya mwavuli wa kampuni ya simu.
Kumi na moja zimo humu. Moja ni ya mkunga
aliyehesabu, miaka miwili, watoto waliozaliwa kambini.
"Ilianza yenyewe, fundi. Mimi nilibonyeza *baadaye*.
Nimebonyeza *baadaye* tangu Pasaka."

Najua. Kila mwezi, Jumanne ya pili, sasisho linabisha hodi:
giga mbili, giga tatu,
nawe una mega za siku moja zinazokufa saa sita usiku.
Huko hodi inakotoka nadhani mtandao ni mvua,
hakuna anayeupima kwa kikombe.
Na mgeni akishaingia hudai chumba kipana zaidi,
kumbe nyumba hii haiongezeki.

Nafungua. Skurubu ndogo kama mbegu za mchicha.
Zamani ulichomoa kumbukumbu kwa kidole gumba, ukapachika nyingine,
tak,
mteja akaondoka anacheka.
Nilisomesha wadogo zangu wawili kwa hiyo tak.
Sasa vyote vimelehemiwa: kumbukumbu ubaoni, hazina ubaoni,
akifa mmoja wanazikwa wote.
Hazina ndiyo imekufa. Au imezimia. Ili nijue
lazima niing'oe.

Mlima uliposhuka nilikuwa na miaka tisa.
Lava ilipopoa, pikipiki ya baba ilibaki imelehemiwa barabarani,
usukani tu nje, kama pembe za mbuzi.
Hakuipata. Ila alichukua nyundo, akavunja lile jiwe jeusi,
likawa jiko, likawa choo, likawa ukuta wa jirani
ambaye hadi leo hajalipa.
Mji huu unajua kuvunja kilichoganda.
Lakini hapa nyundo ya nini?
Chipu sawa na ukucha, miguu zaidi ya mia isiyoonekana,
kila mguu umesimama juu ya tone la bati.

Bati kaka yangu Paluku analichimba kule Walikale,
anauza kwa kilo, anarudi na kikohozi.
Sisemi ni bati lake. Dunia ni pana.
Ila nikisogeza bomba la hewa moto na matone yakianza kung'aa,
huwa nanong'ona: achia, Paluku,
achia kidogo tu.

Digrii mia tatu na hamsini. Nahesabu hadi arobaini.
Kwenye thelathini na tatu
umeme ukaondoka.

Bomba likanyamaza. Bati likaganda palepale,
upande mmoja umeachia, upande mmoja umeng'ang'ania.
Nje chukudu ya makaa inateremka ikigonga mawe:
mbao, misumari, kipande cha tairi,
kila kiungo chake kinang'oka, kila kiungo kinarudi.

Gizani Kavugho akauliza, "Ukisema hapana, ni bei gani?"
"Hapana ni bure, Mama."
Akaweka mia tano mezani. "Basi hii ni ya kiti,"
akasema, na hakuinuka.

Hatukuulizana umeme unarudi saa ngapi;
swali hilo huku ni utoto.
Alitaja jina la mkunga mara moja, polepole,
kana kwamba anapima tahajia.
Tukakaa. Yeye ameshika kitenge, mimi kibanio,
ubao ukipoa katikati yetu.
Hakuna aliyezima.