Kabla Hujauwasha

Umekuja kuazima msumeno, Mwaringa,
kwa sababu mnazi wa marehemu babako umelalia paa la jiko.
Nimekusikia.
La, sikukusikia, nimekusoma midomo.
Hamia huku kulia. Sikio la kushoto nililiacha Kakuyuni,
mti kwa mti, miaka kumi na tisa, bila hata pamba.
Sikio la kufa halisikii dawa, sawa,
lakini langu hakuna aliyelipa dawa.

Vifuniko hivi nilivinunua Malindi mjini, mia tisa,
mwezi mmoja baada ya usiku ule
Jumwa aliponinong'oneza neno gizani
nikamjibu, "Eeh, mlango nitautengeneza kesho."
Hajaninong'oneza tena.
Vichukue. Msumeno bila vifuniko hautoki hapa.

Wasemao sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma,
hawajaushika huu.
Huu hukata mbele, hukata nyuma,
na ukigusisha pua yake, hapa, robo ya juu ya ncha,
hukurukia. Hauombi njia.
Tsofa alikuwa hodari kunishinda. Ulimrudia begani,
kule Msabaha, mchana kweupe,
kwa kitawi cha mwarobaini cha kutolea mswaki.
Alikuwa ameuinua juu ya mabega, juu ya ngazi,
mkono mmoja. Kitawi kimoja tu kilichobaki.

Isukume breki hii, iliyo mbele ya mkono.
Imelia "ka"?
Niambie wewe, mimi sijui.

Sasa mnazi wenyewe. Babako alipigilia misumari ya kamba ya nguo,
mitatu, upande wa mashariki,
na wa nne aliutundikia redio mwaka wa mafuriko.
Itafute kwa kiganja
kabla mnyororo haujaitafuta.
Kisha njia ya kukimbilia: nyuma kwa pembeni,
usiende nyuma moja kwa moja, shina hupiga teke kama punda.
Itembee kwanza mikono mitupu.
Ondoa makumbi, ondoa vifuu, ondoa lile jiwe la kufulia.
Watoto na mbuzi wakae mbali, urefu wa mnazi mara mbili.
Pima kwa hatua, usipime kwa imani.

Uweke chini ndipo uuwashe, mguu juu ya mpini.
Ukiisha mafuta, uache upoe.
Wewe unywe maji, ukae kivulini, ukunjue vidole.
Unaona hivi vyangu? Asubuhi za kusi
huwa vyeupe kama mihogo iliyomenywa,
sindano ikichoma sihisi.
Vifungo vya shati hunifungia Jumwa,
naye hufunga akiwa kimya, na mimi nikiangalia dari.
Hilo nalo ni mtetemo. Huingia polepole,
halafu hautoki.

Leso hiyo ifungue shingoni.
Kandambili nimeziona tangu ulipokuwa langoni,
nikadhani umekuja kunijulia hali.
Buti za Tsofa ziko uvunguni, zitakubana kidogo.
Bora zikubane.

Na kitu kingine, sogea.
Sogea tena.
Mgema ameshapita kwako leo.
Sikio limekufa, pua bado i hai.
Basi, rudi nyumbani, mnazi umeinama tangu Ramadhani,
hautaanguka kabla ya kesho.
Mke wako apikie nje leo.
Ukinikasirikia, kasirika. Babako angenuna wiki nzima,
halafu angekuja na nazi mbili, bila kusema kitu.

Kesho njoo na pumzi ya uji.
Tutaubeba pamoja, wewe mashine, mimi tindo na kidumu.
Peke yako hukati, hata kuni.
Nitakaa juu ya kinu kilichopinduliwa,
mbali, lakini mahali unaponiona.
Uwe unanitupia jicho kila mara.
Nikiinua mkono hivi, zima.
Usiniulize kwa nini.
Sitakusikia.